Uzoefu wangu na Flattr, kitufe cha kuwalipa waandishi senti

Flattr haipo tena, ilifungwa mwaka 2023, lakini bado naulizwa kama njia ile ya kuchangia waandishi wa mtandaoni ilikuwa na maana yoyote. Mimi niliitumia nikiwa Ujerumani, na jibu langu ni ndiyo, ingawa si kwa sababu ambazo watu wengi huzitaja.

Kwa ambao haikuwapitia: ilianzishwa Malmö, Sweden, mwaka 2010, na Linus Olsson pamoja na Peter Sunde, yule yule wa The Pirate Bay, tovuti ya kupakulia filamu na muziki bila kulipa. Mtu aliyefikishwa mahakamani kwa kusaidia watu kupakua kazi za wenzao bure ndiye aliyekuja na njia ya kuwalipa wenye kazi. Kwa kweli hilo lilinichekesha, na nadhani nusu ya sababu ya kujiunga ilikuwa hiyo.

Unatenga kiasi cha mwezi, kuanzia euro 2. Ukisoma makala ikakukaa moyoni, unabonyeza kitufe kilicho chini yake na unaendelea na shughuli zako. Mwezi ukiisha, pesa yako inagawanywa sawasawa kwa wote uliowabonyeza. Ukibonyeza kumi, kila mmoja anapata kama senti 20; ukibonyeza mmoja tu, anazoa zote peke yake. Flattr wenyewe walichukua asilimia 10.

Anayeona hilo ni dogo ajaribu kumtumia mtu senti 20 moja kwa moja. Enzi hizo PayPal ya Ujerumani, huduma ya kutumiana pesa mtandaoni, ilikuwa ikikata senti 35 kwa kila malipo, kabla hata ya kugusa asilimia yake, kwa hiyo makato yalizidi zawadi. Ila kwangu makato hayakuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo ni kichwa. Makala hii ni ya senti tano au ya senti kumi? Mtu akishaanza kujiuliza hivyo, pochi haifunguki tena, anafunga ukurasa. Flattr ilikuondolea swali hilo lote. Pesa ilikuwa imeshatoka tangu mwanzo wa mwezi, kilichobaki ni kusema nani ale.

Mimi nilibonyeza zaidi kwenye taz, gazeti la Berlin ambalo tangu 1992 linamilikiwa na ushirika. Hawa walikiweka kitufe mapema, mwaka ule ule wa 2010, na walikuwa wakitangaza hadharani wamepata kiasi gani. Juni mwaka huo ilikuwa karibu euro elfu moja. Mwanablogu mmoja mwenye kodi ya nyumba angeruka kwa furaha; kwa gazeti la kila siku, hapo humlipi hata mhariri mmoja kwa mwezi.

Orodha ya mwezi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Unaifungua unaona wapi pesa yako imekwenda: safu ya kejeli, maoni ya mtu aliyekasirika kama ulivyokasirika wewe, kisha safu nyingine ya kejeli. Ile ripoti ndefu ambayo mwandishi aliihangaikia wiki nzima, ukaisoma hadi katikati kwenye treni ukashuka, haimo. Kitufe kiko chini, na ambaye hakufika chini hakibonyezi. Podikasti zilifanya vizuri zaidi, labda kwa sababu msikilizaji wake ni mtu wa kurudi kila kipindi.

Halafu mwanzoni kulikuwa na sharti kwamba anayetaka kupokea sharti naye atoe. Nia njema, lakini matokeo yake wanablogu walikuwa wakichangiana wao kwa wao, kama upatu. Nje ya Ujerumani kitufe kilikuwa cha kutafuta kwa tochi, na kwenye tovuti za Kiswahili sikukiona kamwe. Sifa moja siwezi kuwanyima: Desemba 2010, Visa, Mastercard na PayPal walipoifungia milango WikiLeaks, tovuti ya kufichua siri za serikali, mchango wa Flattr uliendelea kupita.

Mwaka 2017 Flattr ikanunuliwa na Eyeo, kampuni ya Adblock Plus, ile programu ya kuzuia matangazo, ikaja na mtindo mpya: kiongezeo cha kivinjari kinaangalia unachokitazama, kisha kinagawa chenyewe bila wewe kubonyeza. Kwangu utamu ulikuwa kwenye kule kubonyeza, ile nia ya kusema "huyu apate". Nikaacha.

Sasa nikiwa Mombasa natumia M-Pesa, na kwa senti senti hakuna kadi ya Ulaya inayoifikia. Kutuma shilingi 100 kushuka chini hakuna makato, kwa hiyo hamsini ya mwandishi inafika hamsini. (Tanzania walivyoletewa tozo ya miamala Julai 2021, hata kiasi kidogo kiliguswa.) Shida ni mbili. Lile swali la "nitume ngapi?" linarudi kila mara. Ya pili, mpokeaji anakujua. Niliwahi kumtumia mwandishi mmoja hamsini, jioni simu ikalia: "Asante sana dada, Mungu akuzidishie, wewe ni wa wapi kwani?" Mazungumzo yalikuwa matamu, lakini makala yake iliyofuata ilikuwa dhaifu na nilituma tena, kwa kuona haya tu.

Taz nawalipa hadi leo, kwa mpango wao wenyewe wa hiari wa tangu 2011; benki inakata kila mwezi na makala zao zinabaki wazi kwa kila mtu.

Nyota nne kati ya tano kwa Flattr ile ya kwanza, mbili kwa ile ya 2017. Kama kuna kijana wa Nairobi au Dar anayefikiria kuijenga upya juu ya M-Pesa, aache kila kitu ila ule mfuko mmoja wa mwezi na kile kitufe. Nitaweka shilingi 300 siku ya kwanza, mradi jina langu lisitokee kwenye simu ya mtu.