Dabobesi Kuukuu: Kuitengeneza, au Kuiuza na Kununua Bora Zaidi?
Mpigaji wa taarabu Unguja mwenye dabobesi, yaani fidla kubwa ya sauti nzito ipigwayo ikiwa imesimama, ya plaiwudi iliyokwisha kula chumvi nyingi ana njia mbili: kuitengeneza, au kuiuza na kuongeza fedha anunue iliyochongwa kwa mbao nzima, ambayo uso wake, yaani ubao wa mbele, kwa kawaida huwa wa msprusi, mti wa jamii ya misonobari.

Kwa sauti, ya kuchongwa haina mpinzani, hasa ikipigwa kwa upinde wa kusugulia nyuzi, kwa kuwa ubao mzima hutetema kwa wepesi kuliko tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Lakini katika taarabu besi hudonolewa kwa vidole zaidi, na hapo tofauti hupungua. Isitoshe, ubao mzima hufura wakati wa masika na kusinyaa katika chumba chenye kiyoyozi, hata uso ukapasuka. Plaiwudi huvumilia zaidi.

Besi yangu mwenyewe ilikuwa ikikoroma kama debe bovu, nami nilikwisha kuitafutia mnunuzi. Nilipochungulia kwa tochi kupitia tundu la uso, nikakuta kinguzo kinachosimama ndani, kati ya uso na mgongo, kimeinama. Kukisimamisha, kusawazisha daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, na kubadili nyuzi zote 4 kuligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya besi nyingine, na mkoromo ukaisha.

Kwa hiyo mimi ningetengeneza kwanza. Kuuza kuna maana pale shingo inapokuwa imepinda, au mpigaji anapohamia okestra inayotegemea upinde. Naye anayeagiza kutoka ng'ambo ahesabu nauli pia, maana chombo cha urefu wa takriban sentimita 180 hakisafiri kama sanduku la nguo.