Huduma ya chanjo ya UVIKO-19 Tanzania: foleni ya hospitali ilipoteza watu, meza ya gulioni iliwapata

Huduma ya chanjo tunaipima kwa swali moja. Mtu aliyefika na shaka zake, aliondoka amechanjwa, au aliondoka na shaka zilezile pamoja na nauli iliyopotea? Kwa kipimo hicho, huduma iliyotolewa Tanzania Bara kuanzia katikati ya 2021 hadi mwisho wa 2022 ilikuwa huduma mbili tofauti, na mwanya kati yake ni mkubwa.

Kwanza mazingira. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimeacha kutangazwa tangu mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimeishia wagonjwa 509 na vifo 21. Januari 2021, Rais John Magufuli akiwa Chato alisema hadharani kwamba haziamini chanjo hizo. Julai 24 mwaka huohuo zikatua dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen (Johnson & Johnson) kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, na Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera Ikulu, Dar es Salaam. Mwananchi aliyesikia kauli mbili kinzani ndani ya miezi sita alikuwa na haki ya kuuliza maswali. Huduma ilipaswa kuandaliwa kwa ajili ya muulizaji huyo, lakini iliandaliwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuamua.

Awamu ya kwanza ilikuwa na vituo 550 nchi nzima, vingi vikiwa hospitali na vituo vya afya, na walengwa wa mwanzo walikuwa watumishi wa afya, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Ulijaza fomu mtandaoni: jina, kitambulisho, simu, kituo. Ukifika kituoni unapita mapokezi, unasaini fomu ya ridhaa, unachomwa, unapumzika dakika 15, unachukua kadi. Kwa mkazi wa mjini mwenye simu janja na muda, mlolongo huo haukuwa na tatizo. Kwa mama lishe anayepika tangu saa kumi alfajiri, au mkulima aliye kilomita 20 kutoka barabara ya lami, kila hatua ilikuwa sababu ya kuahirisha.

Hatua iliyopoteza watu wengi kuliko zote ni kichupa. Kichupa cha Janssen kilikuwa na dozi tano, kila dozi mililita 0.5, na kikishatobolewa kilitakiwa kiishe ndani ya saa sita kikiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mchanjaji anayeogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizomwagwa husubiri watu watano watimie. Wakija wawili saa tatu asubuhi, wanaambiwa wasubiri. Ikifika saa sita bado ni wawili, wanaambiwa warudi kesho. Kesho yenyewe hawaji, na jirani akiwauliza wanajibu, "Nilikwenda, hawakuwa na chanjo." Jibu hilo likifika kijiweni linaua hamu ya watu kumi. Msimamo wetu ni kwamba fungua kichupa kwa mtu wa kwanza, kisha mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii akawatafute wanne waliobaki sokoni au stendi. Dozi nne zikimwagika ni hasara inayohesabika, lakini mtu aliyerudishwa mikono mitupu haandikwi kwenye daftari lolote.

Chanjo nyingine zilizofuata zilikuwa na masharti yake. Sinopharm ilikuwa nyepesi kwa kituo kidogo, kwa sababu inakaa kwenye friji ya kawaida ya chanjo na kichupa chake ni cha dozi moja au mbili. Ila ilitaka dozi mbili zilizoachana wiki tatu hadi nne, na asiyeandikiwa tarehe ya kurudi kwa kalamu kwenye kadi mara nyingi hakurudi. Pfizer ndiyo iliyokuwa ngumu: ilihifadhiwa kwenye baridi kali ya nyuzi 60 hadi 90 chini ya sifuri, ikihamishiwa friji ya nyuzi 2 hadi 8 ilidumu takriban mwezi mmoja, na kichupa cha watu wazima cha kifuniko cha zambarau kilichanganywa na mililita 1.8 za maji ya chumvi ili kutoa dozi sita za mililita 0.3. Kilitakiwa kigeuzwe taratibu mara kumi, kisitikiswe. Kwa vijiji vya mbali, Janssen ya dozi moja ilibaki chaguo bora, hata kama kinga yake dhidi ya dalili za wastani na kali ilikuwa asilimia 66 tu kwenye majaribio. Dhidi ya ugonjwa mkali ilikuwa 85, na hiyo ndiyo namba iliyopaswa kutajwa mezani, kwa sababu watu walikuwa wakiogopa kulazwa na kufa.

Fomu ya ridhaa nayo ilihitaji mtu wa kuielezea. Mtu anapewa karatasi asaini, hakuna anayemsomea, anahitimisha kwamba serikali inakwepa lawama. Karatasi ileile ikisomwa kwa sauti kwa dakika mbili, pamoja na maneno "una haki ya kukataa, na una haki ya kurudi ukipata tatizo", ilisainiwa bila vuta nikuvute.

Ushauri ndio sehemu iliyofanywa kwa haraka kuliko zote, nasi hapo hatuna alama nzuri za kutoa. Kwenye vituo vingi ulikuwa hotuba moja kwa benchi zima. Shaka ya mtu haitoki hivyo. Mwenye presha au kisukari aliamini kwamba chanjo si yake, wakati yeye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele wa walengwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda alihitaji kuambiwa kwamba atachomwa kwa sindano nyembamba na kubonyeza mahali hapo dakika mbili bila kusugua. Anayeuliza kuhusu damu kuganda apewe ukweli wote: madhara hayo yapo, ni nadra, na hadi Machi 2022 Marekani ilikuwa imethibitisha wagonjwa 60, tisa wakafariki, katika dozi takriban milioni 18 za Janssen. Kisha aambiwe dalili za kuangalia katika wiki tatu za mwanzo hasa: kichwa kuuma sana kusikokoma, tumbo kuuma, mguu kuvimba, pumzi kukata. Kuficha jambo hili kuliharibu zaidi ya kulisema, maana watu walikuwa tayari wamelisoma WhatsApp.

Uvumi kwamba chanjo inatia sumaku begani ulijibika palepale mezani. Sarafu hushika begani kwa jasho na mafuta ya ngozi. Futa bega kwa kitambaa kikavu, paka unga kidogo, iweke tena, itaanguka. Muulizaji mwenyewe akiifanya kwa mkono wake, huna haja ya hotuba. Ule uvumi wa "waliochanjwa watakufa ndani ya miaka miwili" ulisambaa Mei 2021, na kwa huo kalenda imekwisha kujibu.

Huduma ya pili ilianza Septemba 2021 kwa jina la Mpango Shirikishi na Harakishi. Vituo viliongezwa hadi maelfu, na chanjo ikatoka ndani ya geti la hospitali ikaenda gulioni, stendi, misikitini, makanisani na nyumba kwa nyumba. Timu ndogo inatosha: mchanjaji, mwandishi wa kumbukumbu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa wa kubisha hodi. Huyu wa mwisho wengi walimdharau, lakini pasipo yeye milango haifunguki.

Kwa kibebeo cha chanjo, kosa la kawaida ni barafu iliyotoka kwenye jokofu moja kwa moja. Pakiti za barafu ziachwe mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo ziwekwe, la sivyo vichupa vilivyogusana nazo vinaganda na kuharibika. Sindano zilizotumika ziende kwenye boksi la usalama bila kufunikwa tena, na boksi lifungwe likifika robo tatu. Adrenalini ya kutibu mzio mkali iwepo kwenye mkoba, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, msuli wa paja. Mwenye historia ya mzio mkali akae dakika 30, si 15.

Saa ya kwenda ni muhimu kuliko bango. Timu iliyofika kijijini saa nne asubuhi wakati wa kilimo ilikuta watoto na wazee. Iliyokwenda siku ya mnada, au baada ya swala ya alasiri, au Jumapili ibada ikimwagika, ilimaliza vichupa. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa bado chini ya mmoja kati ya walengwa kumi, na kabla ya mwaka kwisha walipita nusu. Watu ni walewale na uvumi ni uleule. Kilichobadilika zaidi ni umbali, na kuwepo kwa mtu wanayemfahamu kando ya meza.

Ukawiaji una gharama yake, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanaijua. Dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilifika Machi 2, 2021, uchanjaji ukaanza Aprili 19, na takriban milioni 1.3 zikalazimika kugawiwa nchi nyingine kabla hazijaisha muda.

Udhaifu uliobaki hata katika awamu ya pili ni kumbukumbu. Kwenye kampeni majina yaliandikwa kwenye daftari kwanza, yakaingizwa kwenye mfumo baadaye, na herufi moja iliyokosewa ilimfanya msafiri akose cheti chenye msimbo wa QR uwanja wa ndege. Kabla hujanyanyuka kwenye kiti, soma kadi yako: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu unayoitumia, aina ya chanjo na namba ya toleo lake. Ikiwa imekosewa, isahihishwe hapohapo kwenye daftari na kwenye kadi, mwandishi akiwa bado ameshika kalamu.