Geuza Kioo Kwanza: Vioo vya Zamani vya Kuongeza Mwanga, Kuanzia Ninachokipenda Zaidi

Kioo changu cha mwisho nilikinunua usiku, chini ya balbu. Fremu ilikuwa ya mbao iliyochongwa majani, pembe moja imelika kidogo, na fremu za aina hiyo huniteka. Asubuhi nilipokitundika karibu na dirisha nikaona wingu jeusi kwenye ukingo wa chini. Nikafungua skrubu za ubao wa nyuma. Kadibodi ilikuwa na unyevu, rangi ya mgongoni ikabanduka kidoleni kama ganda la kitunguu, na nilipokiinua kuelekea dirishani mwanga ukapenya kwenye vitundu vidogo vidogo kama nyota. Nilikinunua kirudishe mwanga, nacho kilikuwa kinaupitisha.

Kwa hiyo ukubwa na umbo sivigusi. Chumba chako unakijua mwenyewe. Mimi nazungumzia mgongo. Kinachorudisha mwanga ni utando mwembamba sana wa fedha uliopakwa nyuma ya kioo na kufunikwa kwa rangi. Unyevu ukipata upenyo ukingoni, hutambaa taratibu na kuila fedha hadi iwe nyeusi. Hata usugue vipi, doa hilo halitoki, maana liko upande wa pili. Kagua ukingo wa chini mara mbili, kwa sababu maji ya kusafishia huchuruzika yakatuama pale, na dawa zenye amonia huharakisha uharibifu. Pitisha kidole mgongoni: rangi iwe imeshika. Kisha mulika tochi kwa nyuma, mwenzako asimame mbele. Akiona mwanga, kiache.

Chaguo langu la kwanza ni fremu ya zamani iliyotiwa kioo kipya cha Miralite kutoka Saint-Gobain. Naipendelea kampuni hii na sifichi. Ilianza Ufaransa mwaka 1665, na kiwanda chake cha mwanzo ndicho kilichotengeneza vioo vya ule ukumbi maarufu wa kasri la Versailles, vioo 357. Miralite ina utando wa fedha, na fedha hurudisha takriban asilimia 95 ya mwanga, wakati alumini inayotumika kwenye vioo vingi vya bei ya chini hurudisha kama 90. Chumba chenye dirisha moja dogo kinahitaji kila kidogo kinachopatikana. Ila msimamie fundi wa vioo anapokifunga. Gundi ya silikoni inayonuka siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula fedha kupitia mgongoni. Mwambie atumie isiyo na asidi, na aache nafasi ndogo kati ya kioo na ubao ili hewa ipite.

Cha pili ni kioo cha zamani chenye mgongo mzima. Vipo, lakini utafungua vingi kabla hujakipata kimoja. Ukikipata usibadilishe kitu; yale mawimbi madogo kwenye kioo cha kale huufanya mwanga wa asubuhi ucheze ukutani, na kioo kipya hakiwezi kukupa hilo.

Cha tatu ni kile cha kale kabisa. Kabla mkemia Mjerumani Justus von Liebig hajapata, mwaka 1835, njia ya kupaka fedha kwenye kioo, migongo ilikuwa ya bati na zebaki. Taswira yake ina ukijivu mzuri ajabu, lakini mwanga ni hafifu, na zebaki huweza kuchuruzika hadi chini ya fremu. Usiukwaruze mgongo wake wala usiufungue mwenyewe.

Vioo vya plastiki hupinda na kukwaruzika. Vipite.

Sasa wauzaji. Kinachonikera ni madoa ya kutengenezwa. Kioo kipya hupakwa asidi mgongoni, kinachafuka siku hiyo hiyo, kisha bei inapandishwa kwa jina la ukale. Uozo wa kweli kwa kawaida huanzia ukingoni na kuingia ndani. Ukiona madoa yametawanyika sawasawa kote, uliza. Halafu kuna wale wanaopiga picha kioo kikiwa kimeinamishwa ili kionyeshe dari tu, ukingo wa chini umezibwa na chombo cha maua. Omba picha ya mgongo. Niliyenunua kwake aliniambia nikifungua nitakiharibu, na nilipomrudia alisema madoa ndiyo ushahidi wa umri. Bei alikuwa ameiweka kama ya kioo kizima.

Ukishapata chako, kitundike kwenye ukuta wa pembeni unaopakana na dirisha, karibu nalo. Kikitazamana na dirisha, sehemu ya mwanga hurudi nje ulikotoka. Kikiwa pembeni huupokea kwa mshazari na kuusukuma hadi ile kona ya ndani unayowashia taa mchana.