Ajenti wangu wa nyumba: kodi wanaleta, maji wametia kufuli

Nianze na haki yao, maana nikishaingia kwenye lile lingine sitarudi hapa: kodi wanakusanya. Nina fleti moja ya vyumba viwili Imara Daima, niliinunua iwe ya kunishika mkono nikistaafu, na tangu niwape hawa watu waisimamie sijawahi kumpigia mpangaji simu kuomba pesa yangu. Mwezi ukianza inaingia, wameshakata asilimia yao kumi. Hapo sina neno.

Neno langu ni kufuli.

Jengo letu, kama majengo mengi ya Nairobi, linaishi kwa tangi. Maji ya kaunti huja kwa zamu. Yakija, pampu inayasukuma hadi juu ya paa, kisha yanateremkia kila nyumba kupitia mita na koki zilizo ndani ya visanduku vya chuma kwenye korido. Visanduku hivyo ajenti amevitia kufuli. Sababu yao ni kwamba mpangaji asipolipa wanamfungia maji, na hawataki ajifungulie usiku. Ufunguo hakai nao keateka, yule mtunza jengo. Unakaa ofisini kwao, mjini.

Sasa jioni moja ya juzi juzi kipaipu cha chini ya sinki kikapasuka, kile kilichosukwa waya kinachounganisha ukuta na mfereji. Vitu hivi huonekana vinang'aa kumbe kutu imeshamaliza waya pale kwenye nati. Mpangaji wangu, dada mmoja muuguzi, akanipigia: "Mama, maji yamefika sebuleni na siwezi kuyafunga." Kweli asingeweza. Koki ya kuyafunga ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake, nyuma ya kufuli.

Nikapiga simu ofisini. Akapokea kijana.

"Mama, ofisi inafungwa saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja haijafika."

"Ndiyo, lakini mwenye ufunguo ameshatoka."

Nikamwambia nyumba inafurika. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu, kama mpangaji amejaza fomu ya matengenezo. Nikasema nitaijaza mimi, nipe hiyo fomu. Akasema haiwezekani, fomu ni ya mpangaji, mimi ni mwenye nyumba. Basi nikamwomba autafute ufunguo kwenye droo ya huyo aliyetoka, ampe mtu wa bodaboda. "Nani atamlipa boda?" Nikasema mimi, namtumia sasa hivi. Na hapa ndipo niliposhindwa kujizuia, majirani zangu wa Buruburu walinisikia, kwa sababu aliniuliza: "Utatuma na ya kutolea?"

Nilituma na ya kutolea.

Barabara ya Mombasa jioni mnaijua, na pikipiki haziruhusiwi kupita ile barabara ya juu ya kulipia. Wakati boda anapenya kati ya matatu, keateka akapanda kwenye paa kufunga valvu ya tangi. Haikuwa imeguswa tangu jengo lijengwe, nadhani. Alipoikaza, gurudumu lake likakatika likabaki mkononi. Maji ya tangi yakawa yanateremka yatakavyo. Jirani wa chini akaona maji yakichuruzika kupitia taa ya dari, akazima umeme wa nyumba nzima, akapanda juu kumtukana muuguzi wangu, ambaye kosa lake ni kuwa nyumbani.

Aliyetuokoa ni fundi kijana wa pale mtaani. Alikuja na msumeno wa chuma, akalikata kufuli, akafunga koki, akabadilisha kipaipu kwa bei ya duka na shukrani. Boda alifika baadaye. Ufunguo aliokuja nao ulikuwa wa ghorofa nyingine.

Jengo lote likakaa bila maji mpaka zamu iliyofuata.

Halafu bili. Kufuli lililoharibiwa, shilingi 1,500. Ukaguzi wa fundi aliyeidhinishwa, 3,500. Ada ya kusimamia matengenezo, asilimia kumi juu ya hayo. Kusimamia nini? Na hii natoa mfukoni kabisa, kwa sababu KRA, watoza ushuru wa serikali, tangu Januari 2024 inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote kwa sisi wadogo, haijali umekarabati au hujakarabati.

Nilipouliza nani atagharamia valvu ya paa, wakanikumbusha sheria ya fleti ya 2020, kwamba sehemu za pamoja ni mzigo wa shirika la wamiliki. Ni kweli, sheria ndivyo ilivyo. Lakini korido nayo ni sehemu ya pamoja. Ni mmiliki gani aliyeombwa ruhusa kabla ya kutiwa makufuli? Hapo simu ikakatika.

Huyo fundi wao aliyeidhinishwa, sasa. Nilimngoja nikiwa nimejiandaa kumla nyama. Akaja mzee mpole, akavua viatu mlangoni, akampa muuguzi pole kabla ya kufungua mkoba. Akakagua kila kipaipu ndani ya nyumba, akakuta cha chooni nacho kinaelekea kupasuka, akakibadilisha. Akapanda kwenye paa, akaweka valvu ya mkono, inayofunga kwa kuigeuza robo mzunguko tu, akamfundisha keateka awe anaizungusha mara kwa mara isigande tena. Hakuomba hata ya chai. Kwa ajili yake nilifuta nyota moja niliyokuwa nimewapa kwenye maoni haya, nikaweka tatu, na nilikuwa tayari kuongeza ya nne kwa sababu ya kodi isiyochelewa. Ukitaka mtu wa kukudaia wapangaji, waite tu hawa, hutajuta.

Nilikuwa sijatuma bado. Asubuhi hii ujumbe umeingia kutoka kwa yule kijana wa simu: kufuli jipya limewekwa, nilipie kabla ya mwisho wa mwezi, ufunguo uko ofisini.

Nyota moja. Na keateka nimempa pesa ya msumeno.