Soya au mashudu ya alizeti kwa kuku wa nyama?

Mashudu ya soya yana protini asilimia 44 hadi 48, na lisini (kijenzi cha protini) ya kutosha kujenga kidari. Ya alizeti, hasa yaliyokamuliwa pamoja na maganda, yana protini ndogo na nyuzinyuzi nyingi mno kwa kifaranga. Chakula cha kuanzia kijengwe kwa soya. Alizeti iingie baadaye, kilo 5 hadi 10 katika kila kilo 100, pamoja na lisini ya dukani.

Enzaimu, yaani vimeng'enya vya kusaidia kusaga chakula, je? Zailanesi hulegeza nyuzinyuzi za alizeti, na fitesi hufungua fosforasi iliyofungwa katika mashudu yote mawili. Lakini haziongezi lisini, wala haziponyi soya mbichi: hiyo lazima ipitishwe kwenye joto, la sivyo vizuizi vya tripsini (vitu vya soya mbichi vinavyozuia usagaji wa protini) hudumaza kuku na kuvimbisha kongosho.

Kipimo cha enzaimu kilichoandikwa kwenye pakiti kichanganye kwanza na kilo 2 za pumba, ndipo umwage kwenye mchanganyiko mkubwa. Ukitupa poda moja kwa moja, itabaki upande mmoja. Chakula cha punje (kilichoshindiliwa kwa joto, pellet) kinahitaji enzaimu inayostahimili joto, maana ya kawaida huharibika joto likizidi nyuzi 85.