Ununue mashine gani Tanga kwa ajili ya DOS, Windows 98 na XP

Wanaotafuta mashine ya kuendeshea mifumo endeshi ya zamani hapa Tanga si wapenzi wa gemu peke yao. Yuko fundi magari wa Ngamiani ambaye programu yake ya kupimia gari haitaki kusikia chochote kilichokuja baada ya Windows XP. Yuko mwenye stoo anayetaka kufungua hesabu za miaka ya 1990 zilizowekwa kwa DOS, mfumo wa kuandika amri uliotangulia Windows. Yuko anayedarizi nembo za sare za shule kwa mashine iliyokuja na CD ya XP. Halafu, ni kweli, wapo wanaotaka tu kuiona Windows 98 ikiwaka tena na kucheza karata mpaka usiku.

Karibu wote huanza kwa kutafuta kompyuta ya zamani ili waweke mfumo wa zamani. Hapo ndipo pesa inapopotea. Inayofaa ni ile iliyostaafu ofisini juzi juzi, iliyotengenezwa mwaka 2018 hivi. Ile ya enzi za flopi iache, na ile mpya ya bei ya chini iliyopangwa kwenye kabati la kioo iache pia.

Sababu iko kwenye namna kazi yenyewe inavyofanyika. Windows ya leo ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, yaani za enzi za DOS na Windows za mwanzo, kwa hiyo kubofyabofya mipangilio hakutakusaidia. Inabidi uwashe kompyuta ndani ya kompyuta, na njia ni tatu. DOSBox huigiza mashine ya DOS na ni nyepesi, hata laptopu dhaifu inaimudu. VirtualBox huazima prosesa yako halisi, na XP hukaa humo vizuri sana. Emuleta kamili, yaani programu ya kuigiza mashine nzima, kama 86Box huigiza kila kitu, kuanzia prosesa ya Pentium hadi kadi ya sauti ya Sound Blaster, na hiyo ndiyo inayokula nguvu. Windows 98 ndiyo inayokulazimisha kwenda huko: ndani ya VirtualBox haina draiva zake rasmi, utabaki na kioo kidogo cha rangi 16.

Sasa 86Box hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa. Viini vinane vya polepole havitakufaa kuliko viwili vyenye kasi. Shika hilo unapoingia dukani, kwa sababu muuzaji atakusifia kitu kingine kabisa.

Nafasi ya kwanza: laptopu ya ofisi, used, Intel kizazi cha 8

Majina ya kuulizia ni Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 au 7490, na HP EliteBook 840 G5. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, zimeshikika, na ramu na SSD (diski isiyozunguka) zake hubadilishwa na fundi yeyote mwenye bisibisi. T480 ina faida ya pekee kwa mji wenye umeme wa kukatikakatika: betri mbili, moja ndani na moja ya nje, na ile ya nje unaichomoa na kuweka nyingine mashine ikiwa inawaka.

Lakini soma namba ya prosesa, usisome kibandiko. Mazungumzo ya dukani huwa hivi:

“Kaka, hii ni i7.”

“i7 ya kizazi gani?”

“i7 bosi, ni kubwa kuliko i5.”

Si lazima. i7-2620M ni ya mwaka 2011 na ina viini viwili; i5-8250U ni ya 2017, ina viini vinne, na kwa kazi yetu inaiacha mbali. Kwa kawaida tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Zikiwa tano, kama kwenye i3-10110U, soma mbili za mwanzo. Na hata hizo T480 na EliteBook 840 G5 zipo zilizotoka na prosesa za kizazi cha 7, kwa hiyo jina la mashine peke yake halitoshi.

Kabla hujatoa hela, omba ufunguliwe BIOS, menyu ya mipangilio inayotangulia Windows kuwaka. Kitufe cha ThinkPad ni F1, Dell F2, HP F10. Ikidai nenosiri na muuzaji hana, rudisha mashine mezani, sema asante, ondoka; hizi ni mali za makampuni zilizouzwa bila kufunguliwa, na usipoweza kuingia BIOS huenda usiweze kuwasha kipengele cha Virtualization Technology, kinachoruhusu prosesa kuazimwa. VirtualBox za sasa haziendi bila hicho, na kwenye baadhi ya mashine kimezimwa tangu kiwandani.

Kisha fanya jaribio ambalo muuzaji hajalizoea. Nenda na flashi yenye 86Box na mashine uliyoiandaa nyumbani au kwa rafiki, iwe Pentium ya kawaida yenye Windows 98. Iwashe humo dukani. Juu ya dirisha lake 86Box huandika asilimia. Ikikaa kwenye 100, umepata. Ikishuka 70 au 60, sauti itakatakata na kipanya kitajivuta, na hakuna mpangilio utakaokuokoa isipokuwa kuigiza Pentium ya polepole zaidi. Jaribu chaja ikiwa imechomekwa, halafu ichomoe. Laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri, na hapo utajua pia betri yenyewe ni nzima au ni pambo.

Ramu ya GB 8 inatosha. XP ndani ya VirtualBox ipe GB 1, Windows 98 usiipe zaidi ya MB 512, kwa sababu ikipewa nyingi hulalamika kwamba kumbukumbu imekwisha. Vichekesho, lakini ndivyo ilivyo.

Kuagiza Kariakoo upokee mzigo stendi ya Kange kunaweza kupunguza bei, ila hutakuwa umefanya jaribio hata moja kati ya haya. Kwa mashine used ningelipa zaidi kidogo hapa mjini, nikiwa nimeishika, na risiti yenye namba ya mashine mkononi.

Ya pili: boksi dogo la mezani

OptiPlex Micro, EliteDesk Mini, ThinkCentre Tiny. Kwa kizazi kilekile, boksi la mezani huwa na kasi zaidi ya laptopu, na kwa kawaida bei yake ni ndogo. Kwa dukani au gereji ningeliweka la kwanza kama si suala la umeme. Ongeza bei ya UPS na kioo kwenye hesabu yako, ndipo ulinganishe.

Fundi magari na mwenye mashine za karakana waangalie hasa yale maboksi makubwa kidogo. Baadhi ya OptiPlex na EliteDesk za aina hiyo bado zina tundu la serial la pini tisa, na VirtualBox inaweza kuikabidhi XP tundu hilo. Kebo za USB nazo hukabidhiwa vivyo hivyo. Ila jaribu na kebo yako mwenyewe. Nyingine huelewana na VirtualBox mara moja, nyingine hugoma.

Ya tatu: laptopu ya kizazi cha 4 hadi cha 6

ThinkPad T440, T450, EliteBook 840 G3 na wenzake. Kama unachotaka ni DOS na XP tu, nunua hii na uweke chenji mfukoni. Ikiwa na diski ya kuzunguka, badilisha iwe SSD kabla ya kitu kingine. Kwa 86Box tegemea 486, pengine Pentium ya mwanzo; usiiombe zaidi.

Ya nne: MacBook ya M1

Kama unayo tayari, vizuri. Prosesa yake, iliyotoka 2020, ina kasi ya kutosha, 86Box ipo kwa ajili yake, na UTM, programu ya Mac ya kuwashia mifumo mingine, itakuwashia XP. Lakini prosesa hiyo ni ya ARM, aina tofauti na ile ya Intel ambayo XP iliandikiwa, hivyo XP inaigizwa yote badala ya kuazima prosesa, na huenda polepole kuliko vile bei ya mashine inavyokufanya utarajie. Kuinunua kwa kazi hii ni kununua boti la kuvukia mtaro.

Ya tano: Raspberry Pi

Hii ni kompyuta ndogo ya ubao mmoja; Pi 4 na Pi 5 huendesha DOSBox vizuri. Kwa mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi DOS, sawa. Kwa XP, sahau.

Ya sita: laptopu mpya ya Celeron

Hii ndiyo inayowanasa wengi, maana ni mpya, ina waranti na inang'aa. Ndani huwa na kitu kama Celeron N4020 ya viini viwili, ramu ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya eMMC (ya polepole kuliko SSD) ya GB 64 ambayo Windows yenyewe inakula sehemu kubwa. DOSBox itaenda. VirtualBox na XP itakokota. 86Box yenye Windows 98 usijaribu.

Ya mwisho: Pentium III halisi

Najua inavutia. Lakini hewa ya chumvi ya Raskazone na Chumbageni haina urafiki na vyuma vya mwaka 1999. Kapasita huvimba, matundu huota kutu, diski za zamani za IDE huanza kugonga, na spea ni za kuvuna kwenye mashine nyingine iliyokufa. Inunue tu kama una kadi ya karakana inayohitaji tundu la ISA, lile la zamani la kuchomekea kadi kwenye ubao, kitu ambacho hakuna emuleta itakachokupa.

Mambo ya baada ya kununua. Kwenye Windows 10 au 11, ukiona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox, jua Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa kuendeshea kompyuta ndani ya kompyuta, imewashwa na inakupunguzia kasi, izime. XP usiiunganishe na intaneti, kwani Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Kuachwa huko hakukuifanya iwe ya bure, kwa hiyo CD yako halali na namba yake vitunze. Asiye na DOS ana FreeDOS, ambayo ni huru kabisa. Na hesabu za biashara usiziweke kwenye DOSBox ya kawaida, iliyotengenezwa kwa ajili ya gemu. Tumia DOSBox-X, ambayo inajua pia kuchapisha.

Kama data yako bado iko kwenye flopi, ongeza kifaa cha USB cha kusomea flopi za inchi 3.5 kwenye orodha ya manunuzi. Zile pana za inchi 5.25 hakisomi. Kila flopi igeuze faili la picha, yaani nakala kamili ya flopi nzima katika faili moja, mara moja, uweke nakala mahali pawili. Yenye ukungu usiiingize kabla ya kuisafisha: itachafua kichwa cha kusomea, na kichwa hicho kitakwaruza zinazofuata.