Bedilaina nje ya gari: nimeipiga Hilux yangu hapa Dodoma, nakuonyesha ilivyo

Mbukwenyi wadau! Karibuni tena. Leo tuko nje ya mji, njia ya Bahi, na hili gari mnaloliona hapa ndilo mlilokuwa mnaliulizia. Hilux nyeupe, chini nyeusi. Ile nyeusi siyo plastiki na siyo stika. Ni bedilaina, rangi nzito yenye vipele ambayo kwa kawaida hupakwa ndani ya bodi la pikapu ili mizigo isichubue bati. Mimi nimeipaka na huku nje: chini ya milango, madigadi yote manne, bampa ya nyuma. Na bodi la mizigo lenyewe, bila shaka. Imeshapita kiangazi na imeshapita mvua, kwa hiyo leo tunaongelea kitu kilichotumika, siyo kitu kilichotoka gereji jana kinang'aa.

Niseme mapema ili mwenye haraka asipoteze bando. Kwa nusu ya chini ya gari, naipa maksi za juu. Kwa gari zima kuanzia paa, boneti, milango yote, hapana. Kuna mzee mmoja hapa mjini ameipiga bedilaina Land Cruiser yake yote, ile ya mkonga (yenye bomba la hewa pembeni), na nimepata nafasi ya kuikagua vizuri, kwa hiyo nitalinganisha.

Haya, sogea na kamera hapa mlangoni. Unaona huu mstari? Juu ya mstari ni rangi ya kiwandani, chini ni bedilaina. Hapo juu angalia hiyo michirizi. Hiyo ni migunga. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa. Ukiacha lami tu, iwe Bahi, iwe Chamwino, iwe unakata kwenda vijiji vya Mpwapwa, njia imebanwa na miiba kulia na kushoto, na ukikutana na gari lingine lazima mmoja aingie porini. Gari linatoka kama limegombana na paka. Sasa shuka chini ya mstari. Miiba ni ile ile, njia ni ile ile, lakini huku huoni mchirizi. Napitisha ukucha hapa... hakuna kitu. Na hapa nyuma ya gurudumu, sehemu ambayo changarawe hupiga kila siku mpaka bati linabaki uchi, rangi bado ipo yote.

Hilo ndilo linaloniuzia mimi hii bidhaa. Muonekano wa kijeshi ni wa vijana wa Instagram, sina neno nao.

Sasa aina. Kuna ile ya kopo moja, unafungua, unakoroga, unapaka kwa rola. Inakaushwa na unyevu wa hewani, na mara nyingi ina chembechembe za mpira ndani yake. Kuna ya sehemu mbili, rangi na hadina (dawa ya kuigandisha), ukishachanganya saa imeanza kuhesabu. Halafu kuna zile za kitaalamu kama Line-X na Rhino Linings, zinazopulizwa zikiwa moto kwa mashine maalumu na kuganda ndani ya sekunde. Hiyo ya tatu siyo kazi ya uani, tuiache.

Ya kopo nilishaipaka kwenye kirikuu, kile kipikapu kidogo, ya kubebea matofali, ndani ya bodi. Jina la kopo sitaji. Kwa kazi ya ndani haikuwa mbaya, inashika, na faida yake huhitaji kompresa. Lakini jua letu liliifanyia vitendo. Nyeusi iligeuka kijivu, ukipitisha mkono unatoka na unga kama wa chaki. Sababu inajulikana: polyurethane, yaani plastiki inayotengenezea hizi rangi, ziko za aina mbili kubwa, aromatiki na alifatiki. Aromatiki ni rahisi na ni ngumu, ila haipendi jua. Inapauka na kuota unga. Alifatiki inavumilia mionzi ya jua. Ndani ya bodi lenye mizigo na turubai, nani atajali? Ubavuni mwa gari, hapa Dodoma ambako mawingu tunayaona kwa msimu, utajali sana. Kwa hiyo kabla hujalipa, soma kopo. Kama halisemi lolote kuhusu kuhimili jua, lipake ndani, lisitoke nje.

Niliyopaka kwenye Hilux ni Raptor, ya kampuni ya U-POL ya Uingereza. Inakuja na chupa nne, kila moja ina mililita 750 za rangi na imeachiwa nafasi juu, unamimina mililita 250 za hadina, yaani tatu kwa moja, unafunga, unatikisa dakika mbili kwa nguvu zako zote, halafu chupa yenyewe inafungwa moja kwa moja kwenye bunduki ya kupulizia. Hakuna ndoo, hakuna kupima kwa macho. Kwa fundi wa kwetu aliyezoea kukadiria hadina kwa kifuniko cha soda, huo ni ukombozi. Ipo nyeusi, na ipo ya kuchanganyiwa rangi unayotaka.

Boksi moja lilinitosha kwa hizo sehemu za nje pamoja na bodi, koti mbili, na chupa ya mwisho niliimalizia kwenye bampa. Ukitaka gari zima la milango minne, usijidanganye na boksi moja. Na bei yake inazidi rangi ya kawaida mara kadhaa, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Mimi niliagiza Dar, Kariakoo, ikaja kwa lori. Wale wanaosema "mpe kondakta wa basi", jamani, hadina na thina ni vitu vya kulipuka moto, na abiria mle ndani wana watoto. Lori.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo mnapopigana na mafundi.

Bedilaina haishiki kwenye kitu kinachong'aa. Lazima upige msasa mpaka rangi ya zamani iwe kavu, haina mng'ao hata kidogo, namba 80 mpaka 180 hivi. Siyo 400 ya kumalizia rangi, hiyo ni laini mno. Kona za ndani ya madigadi na vijishimo vya vitasa ndivyo vinavyosahaulika, na ndiko inakoanzia kubanduka. Kwenye Land Cruiser ya yule mzee nilikuta kipande cha kiganja kizima kimeachia karibu na bawaba ya mlango wa nyuma, na chini yake rangi ya kiwandani inang'aa kama kioo. Msasa haukufika. Bidhaa haina kosa hapo.

Palipo na kutu, kwangua mpaka bati safi, upige praima ya epoksi, rangi ya chini ya kushikisha, kabla. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wanaona hii rangi nzito wanadhani ni dawa ya kutu. Inaificha tu. Kutu inaendelea kula huko chini kimya kimya, na siku utakayoiona, ni shimo. Bampa ya plastiki nayo ina praima yake ya kushikisha.

Na tafadhali, chini ya milango kuna vitundu. Viangalie: kimoja hapa, kingine kule. Hivyo ni vya kutolea maji. Ukivijaza bedilaina umetengeneza bwawa ndani ya mlango. Weka vijiti au tepu kabla hujapuliza, ukimaliza toa. Usifunike namba ya chesisi popote ilipogongwa, utajitafutia maneno na trafiki. Kama bampa ina sensa, zitoe.

Sasa hali ya hewa yetu. Maelekezo ya kwenye boksi yanaongelea nyuzi 20 hivi. Hapo mchanganyiko unakupa kama saa moja kabla haujaanza kuganda. Saa nane mchana hapa Dodoma, chini ya bati la gereji Kizota, huna hiyo saa moja. Joto likipanda nyuzi kumi, kwa makadirio ya mafundi wa kemia, mwendo wa kuganda unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo changanya chupa moja, imalize, ndiyo uchanganye nyingine. Anayezichanganya zote nne kwa pamoja ili "kazi iende" atazitupa mbili.

Adui mkubwa kuliko joto ni upepo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mnajua wenyewe, saa nne asubuhi vumbi linaanza kutembea. Sisi tulianza saa kumi na mbili na nusu, gari limefungwa tepu na magazeti tangu jana yake, sakafu imemwagiwa maji vumbi likae. Tukafuta bati kwa thina safi na kitambaa kisichoacha manyoya, tukasubiri likauke kabisa, tukapuliza. Koti ya kwanza nyepesi, karibu saa nzima kupumzika, ya pili nzito zaidi. Faida ya rangi yenye vipele ni kwamba punje mbili tatu za vumbi hazionekani, lakini vumbi likikaa kati ya koti na koti linazuia kushikana, hilo ndilo tatizo.

Kwenye mvua adui anabadilika. Hadina ya hizi rangi ina kemikali inayoitwa isosianati, na isosianati ikikutana na maji inatoa gesi, unapata mapovu na vitundu. Kompresa isiyo na kichujio cha maji ni hatari hata kiangazi. Halafu kompresa yenyewe: ile ndogo ya fundi pancha haitoshi. Bunduki hii inakula hewa. Ukianza na presha nzuri ikashuka katikati ya mlango, utaona wazi, kwa sababu presha ikiwa juu vipele vinakuwa vidogo, ikishuka vinakuwa vikubwa. Hebu nionyeshe kwenye digadi hili la kushoto na hili la kulia... vipele vinafanana. Hiyo ni kompresa kubwa na mkono uliokaa umbali ule ule, kama nusu mita kutoka kwenye bati, mwanzo mpaka mwisho.

Tepu toeni rangi ikiwa bado mbichi. Ikishakauka ni nene, ukivuta tepu inachana ukingo wote. Mstari huu ulionyooka hivi ulitolewa dakika chache baada ya koti ya mwisho.

Na kifua chako. Hapa siongei kwa utani. Hiyo isosianati niliyoitaja inaweza kukusababishia pumu, na mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo baadaye kinakubana. Barakoa ya kitambaa au ya bluu ya hospitali haifanyi chochote hapo. Unahitaji ya mpira yenye vichujio vya mkaa, mpya, siyo vilivyokaa wazi kwenye boksi la spana miaka miwili. Karakana zenye uwezo hutumia ya kuletewa hewa safi kwa mpira. Funika macho, vaa glavu. Watoto na kuku watoke uani.

Baada ya hapo subira. Siku inayofuata unaweza kuliendesha taratibu, lakini kazi nzito, kupakia kokoto, kuingia porini, ngoja wiki. Najua gari ndilo linaloleta ugali. Ngoja.

Kwa nini basi sikupiga gari zima? Kwanza kuosha. Angalia hapa chini: nimeliosha jana, lakini kwenye vipele vumbi bado limejikita. Na ule udongo mweusi wa mbuga ukikaukia humu, lazima brashi, sabuni na maji ya presha. Nusu ya chini navumilia. Paa zima, hapana. Pili, matengenezo. Mlango wa rangi ya kawaida ukibonyea, fundi ananyoosha, anapaka, yameisha. Wa bedilaina ukibonyea, kwanza uikwangue, na ikishakomaa thina haiifanyi kitu. Ni mashine ya msasa au joto na kikwanguo, jasho tupu. Halafu kufananisha vipele vipya na vya zamani ni bahati. Ile Land Cruiser ina mlango mmoja uliorudiwa, unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Tatu, nyeusi isiyo na mng'ao juu ya paa kwa jua hili, kiyoyozi kitakulaani. Na siku ya kuuza, mnunuzi makini atauliza umeficha nini. Nami ningeuliza.

Yule mzee anaipenda, lakini. Gari lake linashinda porini, haliuzi, na haliogopi mti wowote. Kwa matumizi yake simlaumu.

Mmoja aliuliza habari ya kadi. Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Ukibadilisha gari zima kutoka nyeupe kwenda nyeusi, nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, ukabadilishe taarifa, usisubiri kusimamishwa pale Ihumwa ukaanza kujieleza. Langu limebaki jeupe, huku chini tu ndiko kweusi.

Maswali ya namba za msasa na praima yaacheni hapo chini, nitayajibu nikirudi mjini.